Maziwa ni ya Mwenye Ziwa

Tarehe 14 Juni 2017 mahakimu wa Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, waketio katika mji wa Luxembourg, walitoa hukumu juu ya shauri lililopelekwa kwao kutoka Ujerumani, ambako kampuni iitwayo TofuTown, itengenezayo vyakula vya soya na mimea mingine, ilikuwa imeshitakiwa na chama kimoja cha kulinda ushindani wa haki katika biashara kwa kuviita vyakula vyake siagi, jibini na krimu, ilhali hamkuwamo ndani yake hata tone moja lililotoka kwa mnyama. Mahakimu wakaamua kwamba neno maziwa, pamoja na majina ya vitu vitokanavyo na maziwa, kwa sheria ya Umoja huo ni ya kile kitokacho katika kiwele kwa kukamwa, na kwamba hata mfanyabiashara akiongeza maneno ya kueleza kuwa asili ya bidhaa yake ni mmea, maneno hayo hayamhalalishii jina lisilokuwa lake. Lakini sheria hiyo hiyo ilikuwa imefuatana na orodha ya vitu vilivyosamehewa kwa kuwa majina yao yamezoeleka tangu kale, na miongoni mwa vilivyosamehewa kimo kile ambacho Waingereza, kwa desturi yao, hukiita maziwa ya nazi.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, akiitazama hukumu hiyo na orodha yake ya misamaha, hana budi kustaajabu, kwa sababu jambo lililowalazimu watunga sheria wa Ulaya kutoa msamaha, kwetu lilikwisha kukatwa na lugha yenyewe tangu zamani sana, bila ya hakimu wala wakili. Nazi hukunwa kwa mbuzi, ikatiwa maji ya vuguvugu, ikafikichwa kwa mkono, kisha ikakamuliwa katika kifumbu au katika kitambaa safi. Litokalo kwanza, zito, lisilochanganyika na maji mengi, ndilo kasimele, na lifuatalo ni tui la pili, jepesi, ambalo mpishi hulitanguliza chunguni ili lile zito lipate kutiwa mwisho. Tui ni jeupe kama maziwa, hukatika likichemka bila ya kukorogwa kama yakatikavyo maziwa, na aghalabu hufanya jikoni kazi zile zile zifanywazo na maziwa. Na pamoja na mfanano wote huo, tangu Lamu hata Kilwa, na Unguja na Pemba, waliolipika vizazi kwa vizazi hawakuliita ila tui. Mpishi akiambiwa atie maziwa, huuliza maziwa yako wapi. Akiambiwa atie tui, huinuka akaitafuta mbuzi.

Leo, hata hivyo, katika matangazo ya biashara, katika mapishi yaandikwayo kwa ajili ya wasomaji wa mijini, na vinywani mwa wauzaji wa maduka makubwa ya Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, tunasikia habari za maziwa ya nazi, maziwa ya lozi, maziwa ya soya na maziwa ya mchele, kana kwamba neno maziwa lilikuwa jina la rangi na kila kilicho cheupe kikimiminika kina haki ya kulivaa. Mimi naona kwamba huku ni kulitoa neno mahali pake, na nitaeleza sababu zangu, nikitanguliza kusema kwamba sisemi kwa niaba ya wenye ng'ombe na viwanda, ambao wana bodi zao na mawakili wao, bali kwa niaba ya neno lenyewe, na ya yule mnyonge ambaye uhai wake hulitegemea kuliko mtu mwingine yeyote, nami namkusudia mtoto mchanga.

Kwanza na tuitazame asili. Umma mbalimbali zilizofuga wanyama zilikipa kitu hiki jina lililotokana na jambo ambalo kila umma uliliona kuwa kubwa ndani yake. Neno la Kiingereza, milk, na ndugu yake wa Kijerumani, Milch, hutoka katika shina la kale sana lenye maana ya kupangusa na kukamua kwa mkono, shina ambalo liliwapa Walatini kitenzi mulgere na Wayunani amelgein, vyote viwili vikiwa na maana ya kukama. Waarabu wa Ghuba husema halib, nalo latoka katika halaba, yaani kukama. Na Wahindi husema dudh, kutokana na neno la Kisanskriti dugdha, lenye maana ya kilichokamwa. Mataifa yote haya, yaliyo mbali mbali kwa nasaba na kwa makao, yalimtazama mkamaji akiwa amechutama ubavuni mwa mnyama, yakakipa kitu jina la kazi ya mkono wake.

Waarabu wana neno la pili, nalo ni laban, ambalo Misri ni maziwa yenyewe, na katika nchi za Ghuba na Sham ni maziwa yaliyochachuka. Na mzizi wake, lamu, ba na nuni, wahusiana na weupe, hata ukazaa jina la mlima na nchi ya Lebanoni, mlima wenye theluji, na ukazaa pia luban, utomvu mweupe uchuruzikao katika miti ya Dhofari ukigema gome lake, ambao sisi tuliupokea majahazini, tukauita ubani, na mpaka leo tunaufukiza katika nyumba zetu. Anayetia ubani chetezoni anashika, bila ya kujua, jamaa ya neno la maziwa. Wayunani nao walisema gala, na kutokana na gala, kwa ajili ya ule ukanda mweupe wa nyota ulalao mbinguni usiku wa giza, pakazaliwa neno ambalo wanafunzi wetu wa elimu ya nyota hulitamka galaksi.

Nayasema haya kwa insafu, kwa sababu mtu wa Ulaya asemaye maziwa ya lozi hazui jambo jipya katika lugha yake. Walatini waliuita mmea wa saladi lactuca, kutokana na lac, maziwa, kwa kuwa ukikatwa shina lake hutoa utomvu mweupe. Na katika karne za kati, siku za mfungo ambazo Kanisa lilizuia vitokanavyo na wanyama, wapishi wa Ulaya walisaga lozi, wakazikamua, na maji yake wakayaita maziwa na kuyapikia. Neno lililotegemea weupe ni sahali kuhamishwa kwa kila kitu cheupe, na lililotegemea kitendo cha kukamua ni sahali kuhamishwa kwa kila kitu kikamuliwacho. Lugha zao ziliufungua mlango huo zenyewe, na mahakimu wa Luxembourg walikuwa wakijaribu kuufunga baada ya watu kupita kwa mamia ya miaka.

Sisi tuliishika njia nyingine. Maziwa ni wingi wa ziwa, na ziwa, kabla ya kuwa lolote jingine kwa mtoto wa Adamu, ni titi la mama. Kamusi za kale za lugha yetu zimelinakili hivyo, na lugha yenyewe ingali ikilihifadhi katika semi ambazo hata kijana wa leo huzisema bila ya kuzifikiri: mtoto hunyonya ziwa, huachishwa ziwa, na ndugu wawili wapendanao hutajwa kuwa wamenyonya ziwa moja. Wazee walikuwa na neno pia kwa ile kazi ya upole na ya uchungu ya kumtenga mtoto na kifua cha mamaye. Waliita kulikiza, na ni neno ambalo ningependa kuliona likirejea katika vitabu vya afya, badala ya maelezo marefu yaliyochukua mahali pake. Lakini ziwa kwa maana ya titi linatoweka katika mazungumzo, na nadhani sababu yake ni haya. Watu walianza kuona soni kulitamka, wakalikimbilia neno titi, kisha titi nalo likaanza kuonewa soni, na sasa husemwa kifua. Ni jambo la kusikitisha kwamba kiungo kilichomlisha kila mmoja wetu kinabadilishiwa jina kila baada ya muda kana kwamba kimetenda kosa. Shaaban Robert, alipotaka kuwaonyesha watu thamani ya lugha yao, hakuona haya kuifananisha na titi la mama, wala hakutafuta mfano mwingine ulio juu ya huo.

Na ziwa, kama ajuavyo kila mtu, ni maji pia, yale yaliyotulia mahali pamoja, madogo yakiwa ni kidimbwi cha kunyweshea mifugo na makubwa yakiwa ni Nyanza, Tanganyika na Nyasa. Ndiyo maana tuna vitongoji vingi viitwavyo Ziwani, Unguja na Pemba na hata ndani ya Nairobi, na ndiyo maana nchi zizungukazo maji hayo huitwa nchi za Maziwa Makuu. Wako watakaosema kwamba haya ni maneno mawili yaliyokutana kwa bahati katika sauti moja. Lakini Mkikuyu, ambaye lugha yake ni binamu wa yetu, husema iria kwa maana ya maziwa ya kunywa, na husema iria kwa maana ya ziwa na hata bahari. Na lugha mbili jirani zikiyaweka mambo mawili katika neno moja, mimi naona ni aula kuamini kwamba wahenga wetu walikiona kifua cha mama kuwa ni chimbuko, mahali palipokusanyika uhai na ambapo kiu hukatwa.

Wala Waswahili na Wakikuyu hawako peke yao katika kulifunga jina la kinywaji na jina la kiungo. Waluhya wa magharibi ya Kenya husema mabeele, kwa matamshi yatofautianayo lahaja kwa lahaja, na neno hilo ni maziwa na ni matiti. Na kiwele chetu cha ng'ombe na mbuzi ni jamaa wa karibu wa shina hilo hilo. Kweli si Wabantu wote waliofanya hivyo, kwani Wanyarwanda, Warundi na Waganda husema amata, Wahaya na Wanyankole husema amate, nalo ni neno la maziwa peke yake. Lakini hata kwao halikutegemea rangi.

Basi tofauti imedhihiri. Jina letu lilimtazama mwenyewe, yule aliyezaa, na kiungo ambacho Mola alikifungua kwa ajili ya aliyezaliwa. Kuuliza kama soya ina maziwa ni kuuliza kama soya ina ziwa, na kama ilizaa, na ilimnyonyesha nani. Kwa Mwingereza swali hilo ni ubishi wa kisheria. Kwa Mswahili asikiaye lugha yake, jibu limo ndani ya neno lenyewe.

Tena neno hili limebeba hukumu. Katika sheria ya Kiislamu, ambayo imewaongoza watu wa pwani kwa karne nyingi katika mambo ya ndoa na mirathi, mwanamke aliyemnyonyesha mtoto asiyemzaa amekuwa mama yake kwa kunyonya, na watoto wa mwanamke huyo wamekuwa ndugu zake, hata ndoa baina yao imeharimika kama ilivyoharimika kwa ndugu wa damu. Na jambo hili limetajwa wazi katika Suratun Nisaa, katika aya ile ihesabuyo wanawake wasioolewa. Mtume Muhammad mwenyewe alinyonyeshwa na Thuwayba, kisha akapelekwa jangwani kwa Halima wa Bani Saad, na Hamza, aliyekuwa ami yake kwa nasaba, alikuwa pia ndugu yake kwa kunyonya. Mafakihi wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani yetu, wameshurutisha manyonyesho matano, nayo yawe kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Na wamesema kadhalika kwamba watoto wawili walionyweshwa maziwa ya mbuzi mmoja au ng'ombe mmoja hawawi ndugu kwa hayo. Tazama jinsi walivyokuwa waangalifu: hata baina ya maziwa na maziwa walipiga mstari, wakijua kwamba ya mama hujenga udugu, na ya mnyama ni chakula tu. Ndiyo maana bibi wa zamani alihifadhi kichwani, kwa usahihi wa kadhi, nani alimnyonyesha mtoto wa nani mwaka ule wa maradhi, asije mjukuu akaposa asipopaswa kuposa. Na katika habari za Israa, ile safari ya usiku, imepokewa kwamba Mtume aliletewa maziwa na mvinyo, akachagua maziwa, akaambiwa kuwa ameichagua fitra, yaani lile umbile asili ambalo mtu huzaliwa nalo.

Watu wa bara nao, ambao mifugo ndiyo mali yao, walikitukuza kitu hiki kwa kukipa majina mengi, kila hali jina lake. Kiswahili kilikuwa na dang'a, maziwa yale ya kwanza, mazito, ya manjano, atoayo mnyama akiisha kuzaa. Kikawa na maziwa mabichi na maziwa mabivu, na mabivu ni yale yaliyoiva kwa kuganda, ambayo siku hizi Tanzania huitwa mgando, na Kenya huitwa maziwa lala kwa kuwa yamelala. Kikawa na mtindi, ubakiao baada ya maziwa kusukwa ndani ya kibuyu hata siagi ikajitenga. Na siagi ikayeyushwa ikawa samli. Wakalenjin wana mursik, yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa ya mti maalumu, na ndiyo wanayonyweshwa wanariadha wao kwa taadhima wakirudi na ushindi. Wanyarwanda hutofautisha inshyushyu, yaliyo na moto wa kiwele bado, na ikivuguto, yaliyochachuka, wala hakuna mtu wa Kigali atakayeagiza moja akaridhika na jingine. Nani katika watoto wetu leo ajuaye neno dang'a? Tunaacha maneno matano ya kweli yafe, kisha tunalinyoosha moja lililobaki ili litoshe kufunika vitu visivyo vyake.

Hapa nasikia hoja ya upande wa pili, nayo ni hoja yenye nguvu. Watu wengi wakishakua hawawezi kuyamudu maziwa. Matumbo yao hujaa upepo na kuwauma, kwa kuwa miili yao imeacha kuivunja ile sukari ya maziwa iitwayo laktosi, kama ilivyo kwa binadamu walio wengi duniani. Mwaka 2007 wataalamu walioongozwa na Sarah Tishkoff walichapisha uchunguzi wao juu ya watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonyesha kwamba wale miongoni mwao waliojaliwa kuyamudu maziwa ukubwani waliipata tabia hiyo katika damu yao kwa njia isiyokuwa ile ya watu wa Ulaya, maana ilizuka huku huku kwetu pamoja na ufugaji. Asiyejaliwa hivyo ana haki ya kutafuta kinywaji kingine, na wako pia wanaoviacha vitu vya wanyama kwa imani au kwa huruma. Sina ugomvi na vinywaji vyao. Soya ni chakula chema, lozi ni chakula chema, na tui, kama nina haja ya kusema, ndilo lililotulea. Wala siamini kwamba lugha haipaswi kukua. Kiswahili kimekua kwa kupokea, na neno likipanuka kwa sababu watu wamekosa jina la kitu kipya, hakuna wa kulaumiwa. Ugomvi wangu ni kwamba hapa hakuna aliyekosa jina, na kwamba katika kulinyang'anya neno hili mipaka yake yuko anayedhurika.

Mwaka 1939, mjini Singapore, daktari Cicely Williams alisimama mbele ya klabu ya Rotary akatoa hotuba aliyoiita Maziwa na Mauaji, akieleza jinsi watoto wachanga walivyokuwa wakifa kwa kulishwa maziwa mazito ya kopo yaliyojaa sukari, waliyouziwa mama zao kuwa ni badala ya kunyonya. Daktari huyu ndiye aliyekuwa ameuarifu ulimwengu wa matabibu juu ya kwashiakoo, ambayo Kiswahili huiita unyafuzi. Jina lenyewe alilichukua kwa Waga wa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, na maana yake kwao ni maradhi ya mtoto aliyeondolewa kifuani mwa mamaye kwa kuzaliwa mwingine. Miaka arobaini na miwili baada ya hotuba ile, mwezi Mei 1981, Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha kwa kura 118 dhidi ya moja, ambayo ilikuwa ya Marekani, kanuni za kuzuia biashara ya vitu vinavyochukua nafasi ya maziwa ya mama isiwahadae wazazi. Na kanuni hizo ziligusa mpaka maneno ya kwenye kopo, zikakataza picha za watoto wachanga na maneno ya kudai kwamba kilichomo kimefanywa kuwa kama cha binadamu. Kenya ilitunga sheria yake juu ya jambo hili mwaka 2012. Watu wa afya, basi, walitambua mapema kwamba jina huua au huponya.

Ikiwa mtu ataona kuwa nimetia chumvi, na azingatie habari iliyochapishwa mwaka 2001 na madaktari wa Atlanta, Marekani, ya watoto wawili ambao bado walikuwa chini ya miaka miwili. Wa kwanza alikuwa akinyweshwa kinywaji cha mchele badala ya maziwa, akapatwa na kwashiakoo, ule unyafuzi wa Cicely Williams, katika mji wa nchi tajiri ambapo hapakuwa na njaa wala vita; wa pili alikuwa akinyweshwa kinywaji cha soya ambacho hakikuongezwa viini vya lishe, akapatwa na matege. Wazazi hawa hawakuwa watu wa kupuuza watoto wao. Walikiona kitu cheupe kilichokaa mahali pa maziwa, wakakitumainia kwa kazi ya maziwa, ilhali maji ya mchele yana protini kidogo mno. Kama hayo yamewezekana huko, fikiri yule mama kijana wa Mbagala au wa Kisauni, aliyeambiwa na jirani kwamba maziwa ya ng'ombe yamemkataa mtoto, akaenda dukani akakuta kitu kinachoitwa maziwa vile vile, kikiwa na picha ya jani la kijani na maneno ya afya. Ni nini katika jina hilo kitakachomzuia?

Angalia pia lililokwisha kutokea katika zahanati zetu, ambako mabango ya kuwahimiza wazazi huandikwa maziwa ya mama. Hapo mwanzo neno hili halikuhitaji nyongeza, kwa maana kusema maziwa ilikuwa ni kumsema mama, na ya ng'ombe ndiyo yaliyohitaji kubainishwa. Sasa mwenyewe ndiye aombaye kitambulisho katika nyumba yake, na wageni wameketi barazani bila ya kuulizwa. Likiendelea kupanuka, siku moja maziwa ya mama yatakuwa ni aina moja tu katika orodha ndefu, baina ya ya lozi na ya mchele, na mzazi atachagua kama achaguavyo sabuni.

Marekani, mamlaka yao ya chakula na dawa ilitoa Februari 2023 rasimu ya mwongozo ukubalio kwamba vinywaji vya mimea viitwe maziwa, kwa hoja kwamba wanunuzi wanajua tofauti. Huenda wanunuzi wao wanajua. Lakini sisi hatulazimiki kumfuata mtu katika njia aliyoishika kwa kukosa neno, maana neno tunalo. Tazama soya inavyotengenezwa: hurowekwa, husagwa, hutiwa maji, hukamuliwa katika kitambaa, machicha yakabaki upande mmoja na maji meupe upande wa pili. Hiyo ndiyo kazi ile ile ya kifumbu. Lozi hufanywa hivyo hivyo, na karanga, na korosho za Mtwara kama mtu akipenda. Kilichokamuliwa katika kokwa iliyopondwa, kikawa cheupe na kizito, Kiswahili hukiita tui, na neno hili halina haja ya kuombewa ruhusa ili litoke kwenye nazi likaenda kwenye lozi, kwa kuwa kitu ni kimoja na namna ya kukipata ni moja. Tui la soya, tui la lozi, tui la korosho: yaseme mara tatu kwa sauti, uone kama ulimi unakataa. Ama kile cha mchele, ambacho kwa hakika ni uji mwepesi uliochujwa, na kiitwe kinywaji cha mchele, wala hakitapungukiwa na mnunuzi.

Mabaraza yetu ya Kiswahili, BAKITA Tanzania Bara na BAKIZA Zanzibar, yanaweza kulitolea jambo hili kauli kabla istilahi za wafanyabiashara hazijaota mizizi, na mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya yanaweza kuiingiza kauli hiyo katika masharti ya vibandiko, kwa kuwa ndiyo yaamuayo nini kiandikwe juu ya pakiti. Na iandikwe huko, kwa Kiswahili kwanza kisha kwa lugha nyingine itakayotakiwa, kwamba maziwa ni ya mama au ya mnyama anayenyonyesha, na mnyama huyo atajwe, awe ng'ombe, mbuzi au ngamia. Kwamba kitokacho katika mbegu na kokwa kiitwe tui au kinywaji. Na kwamba chini ya jina hilo, kwa herufi za ukubwa ule ule, mzazi aelezwe kuwa kinywaji hicho si badala ya maziwa kwa mtoto mchanga.